Alifungiwa Darasa, Akafundisha Uwanjani

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii nilifunzwa na marehemu babu yangu, nami kwa miaka mingi niliisema mdomoni tu, mpaka siku nilipoachishwa kazi katika chumba cha habari ambacho jina lake nitalistiri. Wakati huo nikikaa Kangemi, magharibi ya Nairobi. Nilitoka mjini kwa miguu, bahasha i mfukoni, sijui nitamwambia nini mama watoto. Nilipofika Chiromo, kwenye majengo ya chuo kikuu, nikamkumbuka bibi mmoja aliyewahi kufundisha hapo na ambaye mlango ulimfungikia vivyo hivyo: marehemu Profesa Wangari Maathai.

Ndugu msomaji, wengi wetu twamjua kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Wachache hukumbuka kuwa alikosa kazi, tena si mara moja. Mwaka 1966 alirejea kutoka Marekani na barua ya kumwahidi kazi chuoni Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi imekwisha pewa mwingine. Mjerumani mmoja, Profesa Reinhold Hofmann, ndiye aliyempokea katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari, wa kwanza kwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na Kati, kisha akapanda hata akawa mkuu wa idara.

Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge kwao Nyeri. Akaenguliwa kwa hoja ya kutojiandikisha kupiga kura ipasavyo. Aliporudi kuomba kazi yake, chuo kilikataa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Umri wake miaka 41, mama wa watoto watatu, ameachana na mume, mshahara hana.

Koleo lilivunjika, lakini uhunzi ulikuwa umekwisha anza. Tarehe 5 Juni, 1977, yeye na wenzake waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji, wakapanda miche saba kuwakumbuka mashujaa saba. Mmoja wao ni Mekatilili wa Menza, bibi yetu wa Giriama. Huo ndio mwanzo wa Harakati ya Ukanda wa Kijani. Sasa alipokosa darasa, alizitia huko nguvu zake zote, nao wanamisitu wa Norwei wakamsaidia.

Hapa ndipo penye fundisho. Alipokuwa akitafiti kupe waenezao ndigana kali, ugonjwa ambao Wazungu waliupa jina la pwani yetu, aliona ng'ombe wamekonda na mito imegeuka rangi ya udongo. Angeweza kuyaandika hayo kwa lugha ya maabara, yakalala kabatini. Yeye aliyapeleka kwa akina mama waliokuwa wakitembea mbali kutafuta kuni. Mabwana misitu walisema maneno ambayo akina mama hawakuyafahamu. Bi. Wangari akawaambia watumie akili zao na ujuzi wao wa shamba, waoteshe mbegu hata katika vyungu vilivyovunjika, vikiwekwa juu kuku na mbuzi wasifike.

Semina zake zilikuwa na kisa cha basi. Msafiri amepanda basi silo. Je, kwa nini? Watu walicheka, kisha wakajibu: hakuuliza njia, hajui kusoma, amedanganywa, amelewa, ametishwa. Kicheko kikiisha, kila mmoja hujiuliza: na sisi tuliofyeka miti ya chemchemi yetu, tulipanda basi gani? Waama, hilo ni fumbo, na mafumbo sisi watu wa pwani twayajua.

Hata Oslo, mbele ya mfalme, hakubadili mtindo. Alisimulia kijito cha utotoni mwake, na mayai ya chura aliyoyadhania ni shanga, akijaribu kuyaokota yakikatika vidoleni. Kijito hicho, akasema, kimekauka. Nani hakufahamu?

Chuo kilichomfungia mlango leo kina taasisi yenye jina lake, huko Kabete, si mbali na Kangemi.

Nilipofika nyumbani siku ile nilimweleza mama watoto. Akanitazama, akasema: "Kazi wameitwaa. Na kalamu je, wameitwaa?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nilianza kuandika tena.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mwenye mche mkononi, hata Kiyama kikimsimamia, akiweza kuupanda na aupande. Enyi wasomi wetu, mlio kazini na mliokosa kazi, mikoko ya pwani inakatwa na mvuvi analalamika samaki hawaonekani. Mwenye elimu ya jambo hilo na ashuke bandarini, aketi na wavuvi, awaeleze kwa lugha ya ngalawa na nyavu. Elimu ni mche: ikikaa mkononi hunyauka.