Mkesha wa Watakatifu Wote: Mtoto Anapouliza Kama Bibi Jirani ni Mchawi



Jioni ya Oktoba 31 tulikuwa wageni wa familia moja wilayani Kyerwa. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika, giza limeingia migombani, na mama yuko jikoni anapika ndizi na maharage. Watoto watatu walikuwa wameizunguka simu ya baba yao wakitazama katuni ya Halloween: fuvu linalocheka, boga lenye macho ya moto, na kikongwe mwenye pua ndefu anayeruka juu ya ufagio. Yule mdogo, mwenye umri wa miaka mitano, akainua kichwa na kuuliza: "Baba, kumbe yule bibi wa ng'ambo ya shamba ni mchawi? Mbona na yeye ana macho mekundu?"

Wakubwa tukatazamana. Bibi anayesemwa ni mjane anayeishi peke yake, mwanajumuiya mwenzao. Macho yake yamekuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Mtoto hakuwa na nia mbaya. Lakini hapa kwetu swali hilo haliwezi kuachwa lipite hivi hivi.

Kwa nini si mchezo kwetu

Katika nchi ambako Halloween ni sherehe ya mitaani, mtoto anayevaa kinyago cha mchawi huchekwa, hupewa pipi na kwenda kulala. Kwetu Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa ni macho mekundu tu. Watu wenye ualbino nao wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri. Damu hiyo ilianza kumwagika kwa maneno: mtu alinong'ona, mwingine akaamini, wa tatu akashika panga. Ndiyo maana mzazi Mkristo hawezi kuliacha neno "mchawi" likazoeleka mdomoni mwa mtoto, hata kama limetoka kwenye katuni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataza ramli na uchawi wa kila namna. Na anayemzushia jirani uchawi anavunja pia amri ya nane.

Jina lenyewe lina maana gani?

Huenda wengine watashangaa kusikia kwamba Halloween ni jina la Kikristo. Limetokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa watakatifu wote. Katika liturujia sherehe kubwa huanza jioni ya siku iliyotangulia, kwa Masifu ya Jioni ya Kwanza. Hivyo jioni ya Oktoba 31 tayari tumeingia katika Sherehe ya Watakatifu Wote.

Sherehe hii ina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 7, Papa Bonifasi wa Nne aliliweka wakfu jengo la Pantheon mjini Roma, lililokuwa hekalu la miungu, kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote. Katika karne ya 8, Papa Gregori wa Tatu alitenga kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote katika Basilika ya Mtakatifu Petro. Katika karne ya 9, Papa Gregori wa Nne akaieneza sherehe ya Novemba 1. Kumbukumbu ya Marehemu Wote ya Novemba 2 ilianzia kwa Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, karibu na mwaka 998.

Vinyago na mataa vilitoka wapi basi? Huko Ireland na Scotland mkesha huu ulichanganyika na desturi za kienyeji za mwisho wa mavuno. Watu walichonga taa kwa kutumia tanipu, na wahamiaji wa Ireland walipofika Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi kuchonga. Baadaye wafanyabiashara wakaona faida, na hofu ikawa bidhaa.

Lakini iko desturi moja ya zamani inayotufaa. Nchini Uingereza, siku za watakatifu na marehemu, watoto na maskini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo. Nao, kama shukrani, waliwaombea marehemu wa nyumba ile. Kumbe watoto hawakwenda kutisha watu, walikwenda kusali.

Marehemu wetu wako kibanjani

Wanyambo na Wahaya tunalielewa jambo hili bila shida. Wazee wetu wamezikwa kibanjani, hatua chache kutoka mlangoni, na mtoto hucheza karibu na kaburi la babu yake kila siku. Hatuhitaji kumfundisha kwamba marehemu ni mzimu wa kuogopwa, wala kwamba ni wa kutambikiwa. Tunamfundisha kwamba babu yuko mikononi mwa Mungu, na kwamba sala zetu zinaweza kumsaidia (Katekisimu, namba 958). Huo ndio ushirika wa watakatifu tunaoukiri katika Kanuni ya Imani.

Tulichofanya usiku ule

Baba alizima simu. Hakumgombeza mtoto. Alimwambia: "Yule bibi si mchawi. Macho yake yameumizwa na moshi, kama ya mama yanavyowasha akipika. Twende tukamsalimie." Tukachukua tochi, na mama akatoa boga moja. Njiani kila mtoto alitaja mtakatifu anayempenda. Mkubwa alimtaja Karoli Lwanga, wa pili Bakhita, na mdogo akamchagua Kizito aliposikia kwamba ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi wa Uganda.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Usiku huu mmetoka wapi?"

Tukasali Baba Yetu, Salamu Maria na Raha ya Milele kwa ajili ya marehemu mume wake, pale kaburini, tochi ikimulika. Bibi akawapa karanga, akawaambia warudi msimu wa senene ukifika. Wakati wa kurudi, yule mdogo ndiye aliyekuwa ameshika tochi.

Tunawaomba wazazi, makatekista na mafrateri walio kwenye uchungaji wajaribu jambo hili katika jumuiya zao mwaka huu. Watoto wafundishwe litania fupi ya watakatifu wanaowafahamu. Wafuatane na mtu mzima kwenda nyumba mbili au tatu, wakianza na ya mzee anayeishi peke yake. Waulize majina ya marehemu wa nyumba hiyo, wayataje katika sala, na Novemba 2 familia iyapeleke kwenye Misa. Mtoto aliyesali mlangoni kwa bibi, na kula karanga zake, hatakubali kirahisi siku mtu atakapomnong'oneza kwamba bibi yule ni mchawi.