Rekodi za Civilization IV, Zikipimwa Lodwar

Wimbo ulianza kabla hatujagusa kitu. Dunia ilikuwa ikizunguka taratibu kwenye skrini, nasi vijana wanne tumebanana mbele ya kompyuta moja ya saiba pale mjini Lodwar, Turkana, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Spika mbili ndogo zikatoa kwaya, na kwaya ikaimba Kiswahili. Mwenzetu aliyekuja na matatu kutoka Kakuma, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Kongo, alivua kofia. Maneno yalikuwa ya Sala ya Bwana, ile ile iliyosaliwa kanisani kwao kwenye kambi ya wakimbizi kila Jumapili.

Gemu hiyo ni Civilization IV, iliyotoka Oktoba 2005. Nimecheza nyingine nyingi tangu hapo na hakuna iliyonishika namna ile. Mbunifu wake mkuu, Soren Johnson, aliwahi kuishi chumba kimoja na mtunzi Christopher Tin walipokuwa wanafunzi wa Stanford, na ndiye aliyemwomba amtungie wimbo wa kuifungulia. Tin akaleta "Baba Yetu". Februari 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa gemu ya video kushinda tuzo ya Grammy. Kati ya lugha zote ambazo gemu zimewahi kuimbiwa, ya kwanza kufika huko ilikuwa yetu. Hadi leo nikiusikia mwanzo wake tu, mwili unanisisimka.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilifungua mlango, lakini ndani hamkuwa na Waswahili. Kutoka Afrika tulipewa Misri na Mali, kisha Wazulu na Carthage mwaka 2006, na Ethiopia mwaka 2007. Pwani yetu ilisubiri matoleo ya baadaye: katika Civilization VI Zanzibar ikaja kama dola-mji, na karafuu na mdalasini wake, na mwaka 2018 Kilwa Kisiwani ikaingia katika orodha ya maajabu yanayojengwa.

Tulichopenda zaidi ni urefu wake. Unaanza mwaka 4000 KK ukiwa na msafara mmoja wa walowezi na ramani nyeusi tii, na saa ya gemu husimama mwaka 2050. Karibu miaka 6,050! Mchezo mmoja ulitumalizia pesa za wiki nzima. Kila aliyeshika mausi aliapa kwamba ni zamu moja tu halafu anaondoka, na stima ilipokatika kabla hatujahifadhi, karne nzima zilipotea na tukaketi gizani bila kusemezana.

Hatukujua tumekaa juu ya rekodi kubwa kuliko miaka hiyo ya gemu. Julai 2011, miezi mitano baada ya ile Grammy, timu ya mwanaakiolojia Sonia Harmand ilikuta zana za mawe huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mwaka 2015 zilitangazwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zana zote zilizojulikana duniani. Zile zilizokuwa zikishikilia rekodi, za Gona nchini Ethiopia, ziliachwa nyuma kwa takriban miaka 700,000. Chukua miaka yote ya gemu yetu, izidishe mara mia tano, na bado hujafika Lomekwi.

Lakini rekodi ninayoirudia sana moyoni ni ya Lothagam, kusini-magharibi mwa ziwa. Katika Civilization IV, mojawapo ya maajabu ya mapema unayoweza kujenga ni Stonehenge ya Uingereza. Tuliipigania kweli kweli, maana mpinzani akikuwahi, kazi yako yote inageuzwa dhahabu tu. Sasa, kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita, karibu zama zile zile za Stonehenge, wafugaji wa kwanza wa Turkana walijenga Lothagam jukwaa la mawe la duara lenye upana wa mita 30 hivi, wakasimamisha nguzo za mawe, na katikati wakazika watu wao. Watafiti walioeleza matokeo yao mwaka 2018 walikadiria waliozikwa kuwa si chini ya 580: wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo, na hakuna dalili kwamba baadhi yao walitukuzwa kuliko wengine. Ndiyo makaburi ya kumbukumbu makubwa na makongwe kuliko yote yanayojulikana Afrika Mashariki, na yalijengwa wakati mvua zinapungua na ziwa linarudi nyuma.

Gemu haikuwa na nafasi ya watu kama hao. Huwezi kujenga ajabu lolote bila mji, na wanaozunguka ramani bila dola huitwa washenzi. Niliipenda kwa moyo wote na bado naipenda, lakini hilo linaniuma, kwa sababu wale vijana wanne tulilikubali bila kuuliza. Tena kila ramani ilipotuanzisha jangwani, tuliifuta tukaanza upya. Kigae cha jangwa hakikupi chochote. Hatukutafuta hata kama kuna mto. Haya tuliyafanya tukiwa safari fupi tu kutoka ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani.

Mwaka jana niliiweka tena kwenye laptopu. Ramani ikafunguka: mchanga kila upande, na mto mmoja. Katika gemu hii jangwa lililopitiwa na mto lina kingo zenye chakula kingi kuliko hata nyika ya kijani, na pale Lodwar kila mtu anaujua mto Turkwel. Sikufuta. Niliweka mji wangu wa kwanza ukingoni, nikafuta jina lililopendekezwa, nikaandika Lodwar. Ilipofika mwaka 1 BK ulikuwa ndio mji wenye watu wengi kuliko wote kwenye ramani.