Masomo ya Juu Wakati wa Gonjwa: Muda, Fedha na Mtu wa Kukujulia Hali

Tukisikia neno "mwanafunzi", wengi wetu tunamfikiria kijana asiye na majukumu, ambaye chuo kikifungwa atarudi kwa wazazi wake na kungoja. Lakini mwanafunzi wa shahada ya pili au ya udaktari mara nyingi ni mtu mzima. Ana kodi ya nyumba, pengine ana mume na watoto, na wazazi wazee wanaomtegemea. Wengi wao ni akina mama.

Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka 2020, watu hawa walibanwa pande zote. Baadhi ya vyuo viliwashika mkono wakamaliza. Wengine waliachwa katikati ya njia. Ni vizuri tujue tofauti ilitokana na nini, kwa sababu gonjwa jingine laweza kuja, na kwa sababu huenda mwanafunzi huyo ni binti yako, mkaza mwanao au wewe mwenyewe.

Katika makala hii tutaangalia zaidi Marekani na Uingereza. Ndugu zetu wengi wanasoma huko, na yaliyofanyika huko yaliandikwa wazi. Kisha tutarudi nyumbani.

Milango ilipofungwa

Tarehe 6 Machi 2020, Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle kilitangaza kwamba masomo ya darasani yatasimama na kuhamia kwenye kompyuta. Kilikuwa chuo kikubwa cha kwanza nchini Marekani kufanya hivyo. Siku 5 baadaye, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Korona ni janga la dunia nzima. Kabla ya mwezi kwisha, karibu vyuo vyote vya Marekani vilikuwa vimefuata.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza alihamishiwa masomo yake kwenye kompyuta, naye akaendelea kwa shida zake. Lakini mwanafunzi wa udaktari hafuati vipindi tu, anafanya utafiti. Aliyekuwa akiotesha seli katika maabara aliambiwa azigandishe na aondoke. Aliyekuwa akihoji watu vijijini katika nchi ya mbali aliitwa arudi. Aliyehitaji barua na vitabu vya kale alikuta maktaba na nyumba za kumbukumbu zimefungwa. Kazi ya miaka miwili au mitatu ilisimama, wakati tarehe ya mwisho wa ufadhili ilizidi kusogea.

Katika vyuo vingi vya Marekani kuna ofisi maalumu inayowahudumia wanafunzi hawa. Huitwa shule ya masomo ya juu. Ndiyo inayosimamia upokeaji wa wanafunzi wapya, inayoweka kikomo cha miaka ya kusoma, inayopokea tasnifu, na inayogawa baadhi ya fedha za ufadhili. Wakati wa Korona, ofisi hizi zilijikuta zikiombwa mambo matatu makubwa: muda, fedha, na mtu wa kumjulia mwanafunzi hali.

Kwanza, muda

Hatua ya kwanza ya vyuo vingi ilikuwa kulegeza tarehe. Mwanafunzi aliyekuwa karibu kufikia kikomo aliweza kuongezewa muhula au mwaka. Wengi waliruhusiwa kuchagua alama ya "amefaulu" au "hakufaulu" badala ya alama za kawaida, ili muhula mmoja mbaya usiharibu cheti chote. Utetezi wa tasnifu, ambao zamani ulifanyika chumbani mbele ya maprofesa, ukafanyika kwa njia ya video. Wapo waliotetea udaktari wao wakiwa mezani jikoni, mlango umefungwa ili watoto wasiingie.

Uingereza ilikwenda hatua moja mbele, kwa sababu muda bila posho haumlishi mtu. Tarehe 9 Aprili 2020, shirika la serikali linalofadhili utafiti, UKRI, lilitangaza kwamba wanafunzi wake wa udaktari walio mwaka wa mwisho wanaweza kuongezewa hadi miezi 6 pamoja na posho. Waliohusika ni wale ambao ufadhili wao ungekwisha kati ya Machi 2020 na mwisho wa Machi 2021.

Ulikuwa msaada wa kweli, lakini haukuwafikia wote. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili walijiona wamesahauliwa. Waliojilipia wenyewe, au waliofadhiliwa na nchi zao, hawakuwa chini ya shirika hilo kabisa. Baadaye wengi walishauriwa wapunguze ukubwa wa utafiti wao ili wamalize kwa wakati. Ushauri huo uliwaudhi wengi, ingawa kwa wengine ndio uliowaokoa.

Kuna jambo jingine dogo lenye hekima kubwa. Vyuo vingi vya Uingereza viliruhusu mwanafunzi aweke mwanzoni mwa tasnifu maelezo mafupi ya jinsi Korona ilivyoathiri kazi yake: safari aliyoikosa, maabara iliyofungwa, mahojiano yaliyofanyika kwa simu badala ya ana kwa ana. Mtahini alisoma akijua mazingira. Mwanafunzi hakulazimika kuonekana mzembe kwa jambo ambalo hakulisababisha.

Pili, fedha

Nchini Marekani wanafunzi wengi wa udaktari hulipwa kwa kufundisha au kusaidia utafiti wa maprofesa. Maabara ikifungwa, swali la kwanza ni hili: je, mshahara utaendelea? Vyuo vingi viliendelea kuwalipa kwa kazi waliyoweza kuifanyia nyumbani. Lakini aliyekuwa na kibarua cha pembeni, kama vile kuhudumu katika mkahawa au kulea watoto wa watu, alikipoteza siku moja.

Tarehe 27 Machi 2020 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya msaada wa dharura. Kiasi cha dola bilioni 14 kilitengwa kwa elimu ya juu, na vyuo viliagizwa kutoa angalau nusu ya mgao wao mkuu moja kwa moja kwa wanafunzi, kwa ajili ya chakula, malazi, vifaa vya masomo, matibabu na malezi ya watoto. Tazama hilo la mwisho: malezi ya watoto yalitajwa pamoja na chakula na malazi. Mama anayesoma alitambuliwa kuwa mama.

Idara nyingine zilifanya uamuzi mgumu. Idara ya sosholojia ya Princeton, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2020 kwamba haitapokea wanafunzi wapya wa udaktari kwa mwaka 2021, ili fedha ziwatoshe waliokuwapo tayari. Idara nyingi za historia, fasihi na sayansi ya jamii katika vyuo vingine zilifuata njia hiyo. Ni sawa na mama anayeacha kualika wageni mwaka wa njaa ili watoto wake wale. Waliofungiwa mlango waliumia, lakini waliokuwa ndani hawakutupwa.

Wageni walivyoteseka

Wanafunzi wa kutoka nje walikuwa na mzigo wa ziada. Katika mwaka wa masomo wa 2019/20 Marekani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni moja, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Wizara ya elimu ya nchi hiyo iliwazuia wasipate fedha zile za dharura, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Mei 2021. Kurudi nyumbani nako hakukuwezekana, kwa kuwa ndege zilisimama na mipaka ilifungwa.

Kisha, tarehe 6 Julai 2020, idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba mwanafunzi mgeni ambaye masomo yake yote yatakuwa kwa kompyuta hataruhusiwa kubaki nchini. Fikiria hofu iliyoingia katika nyumba za wanafunzi usiku ule. Vyuo vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani siku 2 baadaye, na vyuo vingine vingi vikaunga mkono. Tarehe 14 Julai serikali iliondoa agizo hilo.

Hapo wanafunzi waliona maana ya kuwa na chuo kinachokusemea. Chuo ambacho kwa kawaida kinakudai ada na makaratasi kilisimama mbele ya hakimu kwa niaba yako.

Tatu, mtu wa kukujulia hali

Kati ya Mei na Julai 2020, uchunguzi katika vyuo vikuu 9 vya umma vya Marekani uliwauliza wanafunzi zaidi ya 15,000 wa masomo ya juu kuhusu hali zao. Asilimia 32 walionyesha dalili za sonona, na asilimia 39 dalili za wasiwasi uliopita kiasi. Si kwamba wote hao walikuwa wagonjwa wa kulazwa. Lakini ni watu wengi mno waliokuwa wakibeba mzigo peke yao katika chumba kimoja, mbali na kwao.

Vyuo vilihamishia ushauri nasaha kwenye simu na video. Hapo kikajitokeza kikwazo ambacho wengi hawakukitarajia. Marekani, mshauri hupewa leseni na jimbo lake. Mwanafunzi aliyerudi kwa wazazi katika jimbo jingine aliweza kuambiwa kwamba mshauri wake wa zamani haruhusiwi kumhudumia huko. Baadhi ya majimbo yalilegeza masharti hayo kwa muda.

Hata hivyo, mtu aliye karibu zaidi na mwanafunzi wa udaktari ni msimamizi wake. Yeye ndiye anayejua kazi imefika wapi, na ndiye anayeweza kusema, "Sura hii iache kwanza, anza na ile." Msimamizi aliyempigia mwanafunzi simu kila wiki, hata kwa dakika 20, alimpa kitu ambacho mfuko wa dharura hauwezi kukinunua. Msimamizi aliyenyamaza miezi mitatu alimwachia mwanafunzi swali moja tu: je, kuna anayejua kama bado nipo?

Mama mwenye mtoto mdogo

Katikati ya Aprili 2020, wanasayansi wanaoongoza utafiti Marekani na Ulaya waliulizwa wamepoteza saa ngapi za kazi. Waliopoteza zaidi walikuwa wanawake, na hasa wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 5. Hao walikuwa maprofesa wenye mishahara na ofisi. Mwanafunzi mwenye mtoto mchanga na chumba kimoja, hali yake mtu haihitaji kuielezwa.

Shule za watoto zilipofungwa, kazi ya mwalimu, ya yaya na ya mpishi zilimwangukia mtu mmoja. Hapa ndipo kuongezewa muda peke yake hakutoshi. Mama aliyeongezewa miezi 6 bila mtu wa kumshikia mtoto ameongezewa miezi 6 ya kutoandika.

Na kwetu je?

Kenya iliagiza vyuo vifungwe katikati ya Machi 2020. Tanzania ilifunga vyuo vikuu Machi hiyo hiyo na kuvifungua tena tarehe 1 Juni. Uganda ilifunga tarehe 20 Machi, ikawarudisha wa mwaka wa mwisho Oktoba 2020, ikafunga tena Juni 2021, na vyuo vikuu vikafunguliwa Novemba mwaka huo. Mwanafunzi wa Uganda alifungiwa mlango mara mbili.

Kwetu shida ya kwanza ilikuwa intaneti. Masomo kwa video hula vifurushi haraka, na umeme una tabia zake. Afrika Kusini vyuo vikubwa viliwanunulia wanafunzi vifurushi na kuwaazimisha kompyuta, jambo linaloonyesha kwamba linawezekana katika bara letu.

Jambo lingine ni kwamba wanafunzi wengi wa udaktari katika vyuo vyetu ni walimu wa vyuo hivyo hivyo. Chuo kilipofunguliwa, walirundikiwa vipindi vya kufundisha vilivyochelewa, na utafiti wao ukasubiri tena.

Maswali ya kuuliza mapema

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako anajiandaa kwa masomo ya juu, msingoje dharura. Ulizeni chuo mambo haya:

1. Masomo yakisimama kwa sababu isiyo kosa la mwanafunzi, je, kikomo cha muda huongezwa? Nani anaamua?
2. Muda ukiongezwa, je, posho na bima ya afya vinaendelea?
3. Kuna mfuko wa dharura? Je, mwanafunzi wa kutoka nje anaruhusiwa kuomba?
4. Mwanafunzi mzazi anasaidiwaje?
5. Msimamizi akinyamaza au akiugua, mwanafunzi amwendee nani?

Majibu yaombwe kwa maandishi na yahifadhiwe. Na mwanafunzi aandike kila linapotokea jambo la kumchelewesha: tarehe, kilichotokea, aliyemwarifu. Wakati wa kuomba nyongeza ya muda, karatasi hiyo itamtetea.

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Mwanafunzi wa udaktari akiwa nyumbani haonekani kama anafanya kazi. Ameketi tu mbele ya kompyuta. Ni rahisi kumtuma sokoni. Mume na akubali kumshika mtoto saa mbili kila jioni, saa zinazojulikana, zisizoombwa upya kila siku. Mama mkwe na azilinde saa hizo dhidi ya wageni. Na aliye mbali tumpigie simu bila kuanza na lile swali linalochosha, "Utamaliza lini?" Tumwulize kwanza amelala vizuri, na leo amekula nini.