Nguvu Iliyopotea Kiserian Haimo Ndani ya Eksozi

Barabara ya Magadi ikitoka Ongata Rongai hupanda hadi Kiserian, kisha hukwea kuelekea Corner Baridi kabla ya kuporomoka ndani ya Bonde la Ufa. Wenye Subaru Impreza, Toyota Mark X na Volkswagen Golf GTI wanaipenda mno, na mwishoni mwa juma gari husikika kabla halijaonekana. Mengi ya magari hayo yameguswa mahali pamoja. Sailensa imekatwa, paipu pana imechomelewa, na masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kinachokaa kati ya injini na sailensa, yametolewa. Mwenye gari ameambiwa kwamba injini sasa inapumua.

Je, limepata nguvu kiasi gani?

Hesabu inaanzia nje ya gari. Kiserian iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyo, na hewa ikiwa nyepesi, petroli inayoweza kuungua nayo hupungua. Mark X ya lita 2.5, ambayo kiwandani hutajwa kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 200, ikifika Kiserian huwa imeacha zaidi ya 30 njiani. Hakuna paipu ya moshi inayoweza kurudisha kiasi hicho. Kubadilisha sailensa na paipu za nyuma kwenye injini nzima ya aina hiyo kwa kawaida huleta nguvu chache tu za farasi, tena kwenye mizunguko ya juu ambayo dereva wa mjini haifikii mara nyingi.

Mbona basi wapo madereva wanaoapa kwamba gari lilibadilika siku ile ile masega yalipotolewa? Wengi wao wanasema kweli. Ndani ya masega kuna kauri yenye vijitundu vyembamba, kwa kawaida kama 400 katika kila inchi moja ya mraba. Gari la mtumba lililotoka Japani likiwa na miaka saba, likaendeshwa hapa miaka mingine mitano na plagi iliyochoka au injini inayokula oili, huyaharibu masega hayo. Petroli isiyoungua ndani ya silinda huungulia kwenye kauri na kuiyeyusha. Majivu ya oili huziba vijitundu. Jiwe au tuta likigonga kifuniko, kauri huvunjika vipande. Hapo injini hubanwa kwelikweli, na ukitoa kizuizi gari litakimbia. Lakini nguvu iliyorudi ni ile ya kiwandani, na ugonjwa ulioyaua masega bado umo ndani ya injini.

Kupima hili ni kazi ya dakika chache, na inasikitisha kwamba haifanywi mara nyingi. Fundi hufungua sensa ya oksijeni ya mbele, hufunga geji ya shinikizo kwenye tundu lake na kuwasha gari. Injini ikitulia, geji isizidi sana pauni moja kwa inchi ya mraba. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, isipite tatu hivi. Geji ikisoma chini ya hapo, masega hayajaziba, na anayeyakata anatafuta nguvu mahali isipokuwepo.

Upana wa paipu nao una hesabu yake. Moshi hutoka kwenye silinda kwa mapigo, na kila pigo likienda kasi huacha nyuma yake upungufu wa shinikizo unaosaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Ukiweka paipu pana kupita kiasi kwenye injini ndogo, moshi hupoteza mwendo na msaada huo hudhoofika. Gari linalia zaidi lakini linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini, ambayo ndiyo huhitajika mtu anapopanda kutoka Kiserian kwenda Corner Baridi akiwa na abiria wanne.

Mlio wenyewe humdanganya mtu kwa namna ya pekee kwenye Subaru. Ule mngurumo wa kukatikakatika, uliojulikana Kenya tangu magari ya buluu ya Colin McRae na Richard Burns yaliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000, hutokana na paipu za urefu usiolingana zinazoleta moshi kwenye turbo. Moshi wa upande mmoja wa injini husafiri njia ndefu zaidi kuliko wa upande wa pili, kwa hiyo mapigo hufika bila mpangilio sawa. Subaru walipotengeneza Impreza STI za soko la Japani zenye turbo ya njia mbili na paipu za urefu sawa, turbo ilianza kuitika mapema zaidi na mngurumo ule ukapotea. Mhandisi aliyetaka nguvu aliuacha mlio uende zake.

Turbo ndiyo mahali ambapo kazi ya eksozi ina maana kubwa. Turbo huzungushwa na tofauti ya shinikizo kati ya moshi unaoingia na unaotoka, hivyo paipu inayofuata baada yake ikiwa wazi zaidi, gurudumu huzunguka kwa urahisi. Kwenye Impreza au Golf GTI faida huonekana waziwazi, hasa kompyuta ya injini ikipangwa upya. Hatari nayo huongezeka. Mlango mdogo wa kupunguza shinikizo unaweza kushindwa kuzuia turbo iliyofunguliwa njia, shinikizo likapanda kupita lililokusudiwa, petroli ikawa haba dhidi ya hewa na mchanganyiko ukaanza kulipuka kabla ya wakati. Injini za EJ20 za Subaru zinajulikana kwa kuvunjika pistoni katika hali hiyo. Tena kwenye mwinuko wa Kiserian turbo tayari inazunguka kasi zaidi ili kubana hewa nyepesi kufikia kiwango kile kile.

Anayetaka njia hiyo ana kifaa kinachomfaa: masega ya chuma yenye vijitundu kama 200 kwa inchi ya mraba. Hupitisha moshi kwa wepesi, hustahimili mtikisiko kuliko kauri, na bado husafisha sehemu kubwa ya sumu. Sheria za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, huyalazimisha magari ya mbio yanayokuja Naivasha tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kubeba masega yaliyoidhinishwa. Madaraja kama Rally2 hupunguziwa nguvu kwa kubanwa mahali hewa inapoingia, kwenye tundu la milimita 32, na magari hayo bado hupita vumbi la hatua za Soysambu na Kedong kwa kasi ya kutisha.

Masega yanastahili kutetewa kwa kazi yanayofanya. Platinamu na paladiamu hugeuza kaboni monoksidi na mabaki ya petroli kuwa kaboni dioksidi na maji. Rodiamu huvunja oksidi za nitrojeni. Afrika Mashariki ilichelewa kunufaika kwa sababu risasi iliyotiwa kwenye petroli hufunika madini hayo na kuyafisha. Azimio la Dakar la mwaka 2001, pamoja na kampeni ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi, vilifanya petroli yenye risasi iondolewe kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Kung'oa masega leo ni kutupa matunda ya kazi ile, huku magari yakisongamana kati ya Rongai na Kiserian na watoto wa shule wakitembea pembeni mwa lami.

Madini hayo ndiyo pia yanayoeleza wale wanunuzi wenye vibao vya kuulizia masega kandokando ya barabara. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilikaribia dola 29,000 kabla bei haijaporomoka. Mwenye gari asipoomba arudishiwe kilichokatwa, huenda amelipa kazi ya kuchomelea na kumwachia mtu mwingine mali yake.

Sheria haijanyamaza. Kanuni za trafiki za Kenya hudai kila gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na zipo kanuni za kelele za mwaka 2009 na za ubora wa hewa. La karibu zaidi na uhai wa dereva ni kiungo kilichochomelewa vibaya chini ya sakafu: kaboni monoksidi inayovuja hapo haina harufu, na huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Atakayeamua kubadilisha na adai flenji na boliti badala ya kuchomelea moja kwa moja, sensa zote mbili za oksijeni zirudishwe mahali pake, na gari lipimwe kwenye mashine kabla na baada, siku ile ile. Aulize pia kama karatasi ya majibu imesahihishwa kwa mwinuko. Mashine nyingi huongeza hesabu ili gari lionekane kana kwamba limepimwa usawa wa bahari, na kwa injini ya turbo, ambayo hujifidia sehemu ya upungufu huo yenyewe, nyongeza hiyo huzidi ukweli. Tarakimu ya kudai ni ile isiyosahihishwa.