Gharama ya Upau wa Maendeleo katika Programu za Kompyuta

Upau wa maendeleo, yaani mstari unaojaa kwenye skrini kazi ikiendelea, nao hula muda wa kompyuta. Januari 2016 watumiaji wa npm, programu ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, walibaini kuwa kuuzima kulipunguza muda wa usakinishaji hadi karibu nusu. Kinachogharimu zaidi si kuhesabu hatua, bali kuuchora mstari upya mara kwa mara. Kwa hiyo tqdm ya Python, ambayo jina lake latokana na Kiarabu *taqaddum*, mzizi mmoja na *kadamnasi* ya Kiswahili, kwa kawaida husubiri angalau sekunde 0.1 kabla ya kuchora tena. Taasisi inayolaumu mashine zake iendeshe kwanza kazi ileile mara nyingi, upau ukiwapo na usipokuwapo. Hatua ikichukua sekunde nzima, tofauti haionekani. Ikichukua nanosekunde chache, upau waweza kuizidi kazi yenyewe.