Kufundisha Neno 'Push': Maana, Matumizi na Asili Yake

Mwalimu anayejiandaa kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi aghalabu huyaona maneno mafupi kuwa mepesi. Huandika 'push' ubaoni, huandika 'sukuma' kando yake, kisha huendelea na neno jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kufanya hivyo hakutoshi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika karibu shule zote za msingi za serikali nchini Tanzania. Mtoto wa Mkuyuni, ambaye huenda alianza na Kiluguru nyumbani, hulikuta somo la fizikia kwa Kiingereza afikapo kidato cha kwanza, na hapo huambiwa kwamba 'a force is a push or a pull'. Asiyeyafahamu barabara maneno hayo mawili atakariri maelezo asiyoyaelewa.

Maana

'Push' ni kutia nguvu juu ya kitu kwa kuielekeza nguvu hiyo mbali na yule anayeitia. 'Pull' ni kinyume chake: nguvu huelekea kwa mwenye kuvuta. Si lazima kitu kisogee. Lori la ndizi likikwama matopeni wakati wa masika, katika njia ya kwenda Morogoro, watu kumi waweza kulisukuma lisisogee hata shubiri moja. Kwa Kiingereza husemwa, 'They pushed the lorry, but it did not move', na sentensi hiyo ni sahihi kabisa. Kwa hiyo mwalimu asilifasiri neno hili kwa 'sogeza'.

Matumizi

'Push' na 'sukuma' ni maneno yanayokutana mahali pengi, lakini hayalingani kila mahali. Kwa Kiswahili mpishi husukuma chapati. Mwingereza husema 'roll out'. Kwetu moyo husukuma damu. Kwa Kiingereza 'the heart pumps blood'. Kwa upande wa pili, 'push the button' ni kubonyeza kitufe, na 'push a child to work hard' ni kumhimiza mtoto afanye bidii. Aidha, Kiingereza huweza kutaja tendo na matokeo yake kwa pamoja: 'Push the door open', yaani, sukuma mlango mpaka ufunguke.

Asili

Chanzo cha neno hili ni Kilatini. Kutokana na kitenzi 'pellere', kusukuma au kupiga, lilipatikana 'pulsare', nalo likaingia katika Kifaransa, ambamo leo husemwa 'pousser'. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa katika Enzi za Kati, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Katika ukoo huo huo limo neno 'pulse', mapigo ya moyo. Neno la Kiingereza chenyewe ni 'shove', kusukuma kwa nguvu au kwa jeuri, ambalo lina udugu na 'shovel', yaani beleshi, kama 'ufagio' ulivyo na udugu na 'fagia'.

Hata hivyo, mwalimu na ajihadhari: kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja. Jina la Wasukuma halitokani na kusukuma. Katika lugha yao 'sukuma' ni kaskazini.

Ufundishaji

Kwanza, matamshi. Irabu ya 'push' ni ile ya 'put' na 'pull', si ya 'rush'. Wanafunzi wasiongeze irabu mwishoni wakasema 'pushi'. Kwa kuwa 'push' na 'pull' huanza kwa sauti zile zile, ni rahisi kuyachanganya. Hivyo kila moja lifundishwe peke yake kabla ya kulinganishwa na jingine.

Pili, tendo litangulie maandishi. Mwalimu asukume dawati huku akisema, 'I am pushing the desk', kisha awaamuru wanafunzi watende na waseme.

Tatu, utumike mlango wa darasa. Iwapo mlango hufunguka kwa nje, mwanafunzi mmoja asimame ndani, mwingine nje. Wa ndani aufungue akisema, 'I am pushing the door'. Ukishafungwa tena, wa nje aufungue akisema, 'I am pulling the door'. Darasa litaona kwamba mara zote mbili mlango umekwenda upande ule ule, bali neno limebadilika kwa sababu ya mahali aliposimama mtendaji.

Mwisho, mwanafunzi asukume ukuta. Mwalimu aulize, 'Is he pushing the wall?' Kisha aulize, 'Is the wall moving?' Darasa likijibu ndiyo kwa swali la kwanza na siyo kwa la pili, bila kusita, limekwisha kuipata maana, na tafsiri ya ubaoni haihitajiki tena.