Shofere, Levye Ndogo Inaweza Kuokoa Mtu



Leo tuzungumze juu ya diferansieli ya katikati. Utauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini chini ya gari? Sikiliza kwanza.

Usiku mmoja wa wakati wa mvua, tulikwenda kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Wakati wa kurudi, gurudumu moja la mbele liliingia katika mfereji. Shofere akakanyaga mafuta. Gurudumu lile likazunguka ovyo, mengine matatu yakatulia kama yamelala. Kadiri alivyokanyaga, ndivyo shimo lilivyozidi kuchimbika. Saa mbili zilipita. Mtoto alizaliwa palepale, mimi nikishika taa kwa meno. Kisha akapita mzee mmoja aliyekuwa shofere zamani. Alivuta levye ndogo iliyo kando ya ile kubwa, akaondoa gari polepole. Mama na mtoto walipona. Lakini levye ile ilikuwa pale tangu mwanzo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefundishwa kazi yake.

Kazi yake ni hii. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo, katika gari ambalo magurudumu yote manne yanasukuma siku zote, kama Range Rover ya mwaka 1970, diferansieli ya katikati inaruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Nguvu ya kuzungusha inagawanywa nusu kwa nusu.

Fikiri watu wawili wanaobeba mzigo uliofungwa katikati ya mti. Kila mmoja anabeba nusu. Kama mmoja ni mgonjwa na anaweza kilo 20 tu, mwenzake hata akiweza kilo 100, wote wawili watainua kilo 40 basi. Ndivyo ilivyo katika matope: upande dhaifu unapima nguvu ya upande wenye afya. Ukifunga diferansieli kwa levye, mbele na nyuma zinazunguka pamoja, na kila upande unasukuma kadiri unavyoshika ardhi: 20 na 100, jumla 120.

Kuna magari ambayo mzigo umesogezwa karibu na mwenye nguvu, nyuma ikipata zaidi ya mbele. Mengine yana diferansieli ya Torsen, iliyowekwa katika Audi quattro mwaka 1987. Hiyo inapeleka nguvu yenyewe upande unaoshika. Lakini upande mmoja ukining'inia hewani kabisa, hata hiyo inashindwa, kwa sababu sifuri mara tatu ni sifuri.

Sasa, shofere, shika mashauri haya:

1. Funga diferansieli KABLA ya kuingia matopeni, gari likiwa limesimama au linakwenda polepole. Usifunge magurudumu yakizunguka ovyo. Utavunja meno ya chuma.

2. Ukifika kwenye gudroni, fungua. Ukiacha imefungwa, usukani unakuwa mzito, mipira inalika, na vyuma vinajikaza mpaka kuvunjika.

3. Toyota Land Cruiser nyingi za kazi hazina diferansieli ya katikati. Katika hizo, magurudumu manne ni ya matope na mchanga tu, si ya gudroni kavu.

4. Angalia kriki! Katika Land Rover nyingi za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika mti wa chuma unaozunguka kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari linaweza kujongea na kukuangukia. Funga diferansieli, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, ndipo uinue.

5. Usiwashe motere na kuingiza vitesi gari likiwa juu ya kriki. Diferansieli ikiwa imefungwa, magurudumu yaliyo chini yatasukuma, na gari litaruka.

Kesho asubuhi, kabla ya kutoka, mwulize mkubwa wako wa garaji: levye hii ni ya nini? Kuuliza si haya. Haya ni kujua kanyagio la mafuta peke yake, na nyuma yako mgonjwa analia.